Kumsafisha Mama Masikio

Nimechoka na masikio ya watu. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani mimi nina moyo wa huruma sana. Nina saluni ndogo hapa Kashaulili, karibu na soko, nasuka nywele na kutoboa masikio, na katika kazi hizo mbili ya kusuka ndiyo nyepesi. Nywele ukimaliza, mteja anajitazama kwenye kioo, anageuza shingo huku na huku, mnaagana. Sikio ukishalitoboa ndiyo kwanza kazi imeanza. Kutoboa kwenyewe ni kitendo cha kufumba na kufumbua, mtoto analia kidogo, mama yake anamnunulia biskuti. Tatizo ni zile wiki zinazofuata, maana zinapita nyumbani kwao, mimi sipo, na huko nyumbani kila mtu ni daktari.

Naeleza kila mara. Nadhani hata usingizini naeleza. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, acha yapoe yawe vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha pamba, weka mbele ya tundu, weka na nyuma, kigaga kilainike kitoke chenyewe. Kausha. Asubuhi na jioni. Usiizungushe hereni, usiivue, usipake kitu. Wananiitikia vizuri kabisa: sawa dada, tumekuelewa dada. Wiki haijaisha mtu ananirudia sikio limeumuka kama andazi.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, dada."

"Na hiki cha njano?"

"Aa, hiyo ni rangi mbili tu."

Rangi mbili tu! Wanafungua kile kidonge, nusu nyekundu nusu njano, wanamwaga unga wake juu ya kidonda, unga unashikana na majimaji unakuwa saruji, na usaha unabaki ndani unachemka. Mabinti wa Kisukuma wanaokuja mjini baada ya mavuno wanapaka samli. Wa kutoka Inyonga wanapaka asali, na ukiwafokea wanakujibu kwamba asali haiozi. Ni kweli asali haiozi, sikio ndilo linalooza. Mmoja alipaka dawa ya meno. Nilimuuliza kama sikio lake linatafuna, akacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje? Wahenga walishasema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nayaona yote, la kufa na la kupona, siku nzima nimesimama, mpaka jioni miguu imejaa kiasi kwamba ndala zinanibana.

Sasa, katika hali hiyo, mama yangu mzazi akaingia saluni kwangu asubuhi moja ya kipupwe. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Nsemulwa, amevaa koti la marehemu baba na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akasalimia wateja wote, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu yake kama mtu baki. Nilipomaliza kichwa nilichokuwa nacho akaja akakaa kwenye kiti changu, akavua kofia.

"Nitoboe," akasema.

Nilidhani sijasikia. Mama ana zaidi ya miaka sitini. Amezaliwa katika familia iliyotoka Burundi, amekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na tangu usichana wake yuko kwenye kanisa la walokole ambako mwanamke hagusi hereni, wala rangi ya kucha, wala wigi. Kule anaimba kwaya ya akina mama, na kwaya ile ndiyo ilikuwa maisha yake hata kabla sijazaliwa. Mimi nilitoka kanisani kwao siku nyingi, ndiyo maana masikio yangu yana matundu na ya kwake yalikuwa mazima. Tulishagombana juu ya hilo tukachoka, tukaacha.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Jitume mwenyewe kwanza, funga huo mlango."

Nikafunga mlango, wateja wawili wakiwa ndani, wakajifanya wanatazama simu. Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amekwenda kuchukua dawa zake za kisukari. Lile dirisha la dawa liko juu, anayetoa dawa anaona uso tu, na uso wa mama tangu baba afariki umebaki mifupa. Nywele alizinyoa wakati wa msiba, na zilipojaribu kuota zikaota mafungu mafungu, kama shamba lililopandwa kwa mbegu mbovu. Basi alikuwa na kofia yake na koti lake. Kijana wa dirishani akachukua kadi, akasoma jina, akamtazama, akasema kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Hizi dawa ni za mama, yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Ukamjibuje?"

Mama akajipangusa pua. "Nikamwambia mama yupo nyumbani, amenituma."

Wateja wangu wawili waliacha kujifanya wanatazama simu. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yule kijana, nikaikasirikia ile kofia, nikamkasirikia na mama kwa kukubali kuwa mjumbe wake mwenyewe. Lakini alikuwa hajamaliza. Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Kwenye mashine ya kusaga aliambiwa, "Baba, pitisha ndoo yako." Watoto wa jirani mpya walimpigia "Shikamoo babu," na mama yao akawasifia kwa adabu nzuri. Mama alikuwa anayakusanya haya moyoni mwake kwa miezi, hasemi, na mimi napita kwake na nyanya na sabuni narudi zangu mjini.

"Watoto wachanga mnawatoboa ili iweje?" akaniuliza.

"Ili watu wajue ni wa kike."

"Haya. Na mimi nataka wajue."

Nilimkatalia. Sikumkatalia kwa sababu ya kanisa, hayo ni yao. Nilimkatalia kwa sababu ya sukari. Mwenye kisukari kidonda chake hakina haraka ya kupona, na kikioza kinaoza kweli. Mguuni alishawahi kuchomwa na mwiba mdogo tu, tukahangaika na ule mwiba mpaka majani ya masika yakanyauka. Na sukari yake ilikuwa juu, maana mama ni mtu wa chai. Unamkataza sukari, anakuitikia, ukigeuka anachota. Nikamwambia nenda kwanza kwa nesi wako, sukari ikishuka ikatulia, akikuruhusu, njoo. Nilijua haitashuka. Ilikuwa namna yangu ya kusema hapana bila kugombana, sikuwa na nguvu za kugombana.

Ikashuka! Mtu ambaye hakuacha sukari kwa ajili ya macho yake, wala kwa ajili ya miguu yake, wala kwa machozi yangu, aliiacha kwa ajili ya hereni. Akawa anakunywa chai kavu huku amekunja uso, akapunguza ugali, akawa anatembea asubuhi mpaka barabarani na kurudi. Nesi akapima, akapima tena, akashangaa, akasema kwa hali hii hakuna shida, ila usafi uwe usafi kweli na kila dalili mbaya arudi haraka. Mama akaja saluni na kile kikaratasi cha vipimo akakiweka juu ya meza yangu ya vitana. Mimi ni nani nibishe?

Nilimtoboa mimi mwenyewe, saluni ikiwa tupu. Nilipomwekea alama kwa kalamu kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, niliifuta nikaiweka upya mara mbili, na mimi nimetoboa masikio ya nusu ya mji huu. Hakulia. Alisema "Yesu" mara moja tu. Nikamvalisha vihereni vya kuanzia, nikampa kioo. Akajitazama muda mrefu sana, akageuza upande, akageuza upande mwingine, halafu akakirudisha kioo kifudifudi. "Vidogo," akasema. Nikamwambia atavaa vikubwa akipona. Nilimwona anatabasamu akivaa kofia yake.

Kuanzia hapo ikawa safari yangu ya karibu kila jioni, asubuhi saluni hainiruhusu. Mikono ya mama ina ganzi, hawezi kushika pamba ndogo bila kuivuta hereni, na macho yake hayaoni nyuma ya sikio, kama yalivyo macho ya mtu yeyote. Kaka yangu yuko Dar, huyo anatuma salamu. Kwa hiyo nafunga saluni, nachukua bodaboda mpaka Nsemulwa, nachemsha maji, natia chumvi, nasubiri yapoe. Kusubiri yapoe ndiko kulikoniua. Mtu umesimama tangu asubuhi, nyumbani kwako watoto hawajala, halafu unakaa kwenye kigoda unatazama maji ya moto mpaka yawe ya uvuguvugu. Mama naye anaongea. Anasimulia kuku, anasimulia jirani, anasimulia nani kachumbiwa. Nami naitikia mhm, mhm, macho yanafumba.

"Unalala?" ananiuliza.

"Silali, nasikiliza."

"Nimesema nini?"

"Umesema kuku."

"Kuku nilisema zamani! We mtoto, nenda ukalale kwako, masikio yatapona yenyewe."

"Hayaponi yenyewe, geuza shingo."

Ndivyo tulivyokuwa. Sikuwa mpole, nakiri hata sasa sijawa. Namwambia geuza, nyamaza, usiguse, nimesema usiguse. Yeye ananiambia mikono yako mizito kama ya baba yako. Nikimaliza nakausha kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, nakagua mbele na nyuma kwa tochi ya simu, naondoka.

Sikio la kulia lilienda vizuri. La kushoto likanitia wazimu. Linatulia, ngozi inakaa rangi yake, kigaga kinakauka, nafurahi, halafu ghafla nalikuta jekundu, la moto, linatoa maji ya njano. Nahesabu makosa yangu. Labda chumvi nyingi. Labda pamba. Nikabadilisha pamba. Nikaleta foronya mpya. Nikamuuliza kama amepaka rangi mbili, akaapa kwa jina la Bwana, na mama haapi ovyo. Nikatafuta mpaka chini ya godoro kama polisi, nikakuta peremende moja ya zamani, tukagombana juu ya ile peremende.

Halafu nikaanza kuona kitu. Sikio lilikuwa linaharibika Jumatatu. Wiki nzima tunalijenga, Ijumaa ni zuri, Jumamosi ni zuri zaidi, Jumapili siendi kwake kwa sababu yeye anashinda kanisani na mimi ndiyo siku yangu pekee ya kufua. Jumatatu, balaa. Nilikuwa namsuka mteja nilipoliona hilo, kitana kikanitoka mkononi.

Jumapili iliyofuata niliacha nguo kwenye beseni, nikaenda kanisani kwao. Nilikuwa sijakanyaga pale miaka mingi. Niliingia nikakaa nyuma karibu na mlango, mama mmoja akanitazama hereni zangu halafu akanipa nafasi kwa wema. Kwaya ya akina mama ikasimama, wamevaa sare, vitambaa vyeupe vimefungwa nyuma ya kichwa, masikio nje. Mama yupo mstari wa pili. Masikioni hana kitu. Nikasogea benchi za katikati, nikakaza macho. Kwenye kila tundu palikuwa na kitu kidogo cha kahawia, hakifiki hata urefu wa punje ya mpunga.

Nilikijua. Msichana yeyote aliyesoma shule za hapa anakijua. Shuleni hereni ni marufuku, na tundu likikaa tupu linaziba, kwa hiyo wasichana wanakata njiti ya fagio la chelewa, kipande kidogo kabisa, wanakichomeka kwenye tundu, mwalimu hakioni. Kwa tundu la zamani hakuna neno. Kwa kidonda kibichi cha mwenye kisukari! Nilikaa pale wakaimba mapambio matatu, watu wanapiga makofi, mimi nimeshika tama.

Nilimngojea nyumbani kwake. Alikuwa ameniona kanisani, kwa hiyo alipoingia alikaa kitandani akafungua fundo la kanga, akatoa hereni zake mbili akaniwekea kiganjani.

"Fagio gani?" nikamuuliza.

Akaanza kukunja kanga.

"Mama, nimekuuliza umekata fagio gani?"

"La nje."

"La nje! Lile linalofagia banda la kuku!"

"Nimeiosha njiti."

"Umeiosha kwa nini, kwa maji ya kunawa miguu? Jamani, mimi nakuja hapa kila siku nimekufa kwa uchovu, nachemsha maji, nanyonga pamba, nakuangalia kwa tochi kama fundi saa, halafu wewe unachomeka fagio la kuku kwenye kidonda! Kama kanisa lako ni muhimu hivyo ungeniambia nisikutoboe! Na kama hereni ni muhimu mbona unazivua? Unamficha nani? Mungu hazioni ukizifunga kwenye kanga?"

Nilisema hayo kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mama alinisubiri niishiwe pumzi.

"Mungu hana shida," akasema. "Ananijua mimi ni mwanamke, ndiye aliyeniumba. Pale mbele zake sizihitaji. Nazihitaji nikitoka."

Nilichemsha maji. Nilizitoa zile njiti, ya kulia ikatoka vizuri, ya kushoto ikatoka na usaha na harufu. Ndewe yote ilikuwa ngumu, na wekundu umepanda kuelekea juu ya sikio. Niliogopa. Watu wanadhani ukizoea masikio mabovu huogopi. Unaogopa zaidi, maana unajua yanakoelekea.

Kesho yake sikufungua saluni, tulikwenda kwa nesi. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, mwili ukipambana na usaha sukari inapanda, nesi alisema. Akampa dawa za kumeza, akasafisha, akatueleza bila kuzunguka. Hereni zirudishwe zikae, usaha upate njia ya kutoka, na zisivuliwe tena hata siku moja mpaka papone kabisa, ni wiki nyingi. Kama hawezi hilo, tukitibu hiki tuzitoe zote mbili, matundu yazibe, basi, na asijaribu tena. Mchezo wa kuvua na kuvaa utampotezea sikio, na kwa sukari yake unaweza kumpotezea zaidi ya sikio. "Chagua, mama," nesi akamwambia. Alimwita mama vizuri kabisa, lakini huyo ana jalada lake mkononi.

Njiani nilitembea mbele yake. Ningependa kusema nilimwachia achague kwa hekima. Ukweli ni kwamba nilitaka achague kuzitoa, niende nyumbani nikalale. Niliona kabisa ile starehe: nafunga saluni, nakwenda kwangu, sina maji ya kupoza. Na kwa kanisa lake ingekuwa amani. Mama hajui kukaa bila kwaya. Alipokuwa anajifungua mdogo wangu, aliyefariki mchanga, aliimba mpaka wakunga wakamwambia nyamaza usukume.

Alikaa na lile neno mpaka Jumamosi. Namsafisha, hasemi hata habari za kuku. Jumamosi jioni akasema, "Kesho siendi. Wakiuliza, naumwa. Sio uongo, sikio si linauma?"

Hakwenda Jumapili hiyo, na iliyofuata hakwenda. Nilibadilisha siku ya kufua, nikawa nakaa naye. Kanisa lao liko karibu, kwaya ikianza unaisikia mpaka uani. Alikuwa anachambua mchele, na zamu ya akina mama ilipofika midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, sehemu yake ileile, anasubiri wenzake wapumue na yeye anapumua. Nilitamani asingeichagua saluni yangu. Sikio lilikuwa linapona.

Lakini nyie mnajua watu wa kanisa. Mwenzao akikosa mara mbili hawamwachi. Jumapili ile ya pili, mchana, nimemkalisha mama mlangoni penye mwanga, bakuli la maji ya chumvi liko pajani mwangu, pamba imo mkononi, kichwa chake kimelala begani kwangu ili nione nyuma ya sikio, tukasikia, "Hodi! Bwana asifiwe!" Akina mama wa kwaya watatu walikuwa wamesimama uani na unga na sabuni na, Mungu awasamehe, pakiti ya sukari. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya pole, aliyesimama ubavuni kwa mama kwenye kwaya miaka yote hiyo.

Nilifanya haraka. Nilivuta kanga begani mwangu nimfunike kichwa. Mama akanishika mkono, akaushusha. Ile mikono yake yenye ganzi, sijui nguvu alizitoa wapi.

"Amina," akawaitikia. "Karibuni mkae."

Wakakaa. Hakuna aliyeuliza habari za ugonjwa, ugonjwa ulikuwa unang'aa pande mbili. Yule kiongozi akatazama masikio ya mama, akanitazama mimi na hereni zangu, nikaona anahitimisha kwamba ni mimi. Nikafungua mdomo nijibu, nilikuwa na maneno mengi na hayakuwa mazuri. Mama akanitangulia.

"Nimetaka mwenyewe," akasema. Akawasimulia. Dirisha la dawa, mashine ya kusaga, watoto wa jirani, yote, kama anavyosimulia habari za kuku, bila kulia. Alipofika pale pa "mama yupo nyumbani, amenituma," mmoja wa wale wengine aliinamisha kichwa akashika ukingo wa kitenge chake.

Kiongozi alivuta ule unga akaupakata. Alikuwa anaumia, nilimwona, na sikutaka kumwona. "Dada mpendwa," akasema, "utaratibu unaujua. Sikuuweka mimi. Kwa hali hii utasimamishwa huduma. Kwenye kwaya hutasimama."

"Najua."

"Na sio wiki mbili tatu. Mpaka utakapozivua."

"Najua, dada."

"Kwa ajili ya watu wasiokujua?" Sauti yake ikapanda kidogo, ikawa kama inambembeleza. "Mtoto wa dirishani, watoto wa barabarani? Sisi wenzako tunakujua. Siku zote tumejua wewe ni mwanamke."

Mama alikuwa bado amelaza kichwa begani kwangu. Nilisikia taya lake likisogea kabla hajasema.

"Mmejua, ndiyo," akasema. "Lakini aliyekuwa ananiambia alikuwa mmoja, na yule mlimwimbia tukamzika."

Baba yangu nilimjua kama mtu wa maneno machache, mtu wa funga mlango na maji yangu yako wapi. Nimekaa nyumba moja naye mpaka naolewa, na sikuwahi kumsikia akimwambia mama neno kama hilo. Yule kiongozi akaanza kulia, polepole, akiwa ameshika ule unga waliouleta, na mimi nikasahau hata kuwakaribisha chai.

"Maji yanapoa," mama akaniambia. "Upande huu bado."